Jiwe la Kusagia la Mke wa Zakaria

Nilimwangamiza mtu bila kusema uongo hata mmoja. Uongo ulikuja baadaye, na huo nao nitausema hapa. Lakini mwanzo nilisema kweli, kweli nusu, na nusu ya pili nikaimeza huku mwenyewe akinitazama.

Jina langu naomba mniachie. Walio Heru Juu wakisoma watanijua, na hilo nimelikubali. Nyinyi wengine inatosha mjue kwamba kuna mtu wa hivi duniani, na kwamba anakula na kulala kama nyinyi.

Mimi ni Muha wa Heru Juu, Kasulu. Nilisoma sekondari, sikumaliza, nikaingia njiani. Vijana wa kwetu enzi zile walikwenda Tanga kukata mkonge, nami nikaenda nao, ila kwa ajili ya shule nikapewa kazi ya kuandika matita badala ya kuyabeba. Nikachoka. Nikaenda Shinyanga kwenye machimbo ya almasi, nikajifunza kuosha mchanga kwenye karai mpaka yabaki mawe mazito peke yake. Huko nako nikachoka. Ndivyo nilivyo. Nikikaa mahali, moyo unaniambia twende. Nikiwa njiani, moyo unalilia migomba ya kwetu na ukungu wa asubuhi wa Heru.

Niliporudi nyumbani nilikuwa nimevuka arobaini. Mama alikwisha kufa. Watoto wa kaka yangu waliniamkia kama wanavyomwamkia karani wa kodi, wakarudi ndani. Shamba letu la maharage lilikuwa na mpaka mpya ambao sikuulizwa. Nilikuwa mgeni mahali nilipozaliwa, na hakuna ugeni mchungu kama huo.

Ndipo akaja yule tuliyemwita Bwana Mawe.

Alikuwa mtaalamu wa miamba wa serikali, mzaliwa wa Tanga, mtu mwembamba, mkali, asiyependa mzaha. Aliposikia kwamba nimekaa Tanga na kwamba najua kuosha mchanga, alinichukua siku hiyo hiyo. Tukajenga banda la nyasi pembeni mwa Heru Juu, na mimi nikawa msimamizi wake. Watu wakaanza kuniita Bwana Karani.

Kazi yenyewe lazima niieleze, maana bila kuielewa hamtaelewa nilivyofanya.

Miamba ya huku kwetu, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, mingi ni mchanga ulioganda. Zamani ambayo akili haifiki, mito ilikuwa ikiusomba mchanga huo kutoka milima ambayo leo haipo, ikaumwaga hapa, ukalala tabaka juu ya tabaka mpaka ukawa jiwe. Ndani yake zimo chembe ndogo sana, ngumu, wanaziita zirkoni. Kila chembe ina urani kidogo sana ndani yake, na urani hiyo hugeuka madini ya risasi polepole, kwa mwendo usiobadilika. Ukipima risasi iliyokwisha kupatikana na urani iliyobaki, unajua chembe ilizaliwa lini. Ukijua ilizaliwa lini, unajua ni mlima upi ulioizaa. Bwana Mawe alikuwa akisema, "Mchanga hauna mdomo, lakini una kwao."

Kwa hiyo wapagazi walileta mawe kutoka kwenye magenge ya miamba. Sisi bandani tuliyavunja juu ya bamba la chuma, tukayatwanga kwenye kinu cha chuma, tukayachekecha, tukaosha unga wake kwenye karai mpaka vibaki vile vizito. Hivyo vilifungwa vikapelekwa kwake, naye akazichambua chembe kwa darubini na kuzipeleka nje ya nchi kupimwa.

Sheria ilikuwa moja. Kitu kingine chochote kisiguse bamba wala kinu. Na kabla ya jiwe jipya, vyombo vioshwe, vipigwe brashi, na konzi ya kwanza ya jiwe hilo itwangwe na kumwagwa. Punje moja ya ugeni, alisema, inaweza kuharibu safari nzima.

Msaidizi wangu pale bandani alikuwa Zakaria.

Zakaria alivuka kutoka Burundi mwaka ule wa sabini na mbili, wakati watu walipokuwa wakivuka usiku na mchana. Alivukia upande wa Kibondo, mtoni Malagarasi, yeye na mkewe na binti yao Yustina. Mtoni watu walikanyagana. Kundi moja likapita chini, kundi jingine likapita juu, na walipohesabiana ng'ambo hii Yustina hakuwapo. Wengine walisema wamemwona na watu wa kundi la juu, yu hai, anatembea. Mkewe hakumaliza hata msimu. Homa ilimchukua Kasulu, akazikwa huko.

Kitu pekee ambacho yule mama alikitoa kwao kilikuwa jiwe dogo la kusagia, lile la kushika mkononi, wao wanaliita ingasire. Alilibeba mgongoni kwa kanga kama mtoto. Watu walimcheka njiani, mwenzao kabeba mbuzi yeye kabeba jiwe. Zakaria alinisimulia hayo akitabasamu, kama mtu anayesifia ukaidi wa mkewe.

Wakimbizi walikuwa wakichukuliwa kwa malori kupelekwa makazi mapya, mbali, upande wa Tabora. Zakaria hakutaka. Alikuwa ametuma neno kwa kila anayevuka na kila anayerudi: baba yake Yustina yuko Heru Juu, kwenye banda la mawe. Neno hilo lilikuwa limesambaa mpaka mpakani. Bwana Mawe akamsemea wilayani kwamba anamhitaji kazini, wakamwacha abaki. Kwa hiyo kazi ile kwake haikuwa kazi. Ilikuwa mahali pa kupatikana na mwanawe. Nililijua hilo. Nililijua vizuri kuliko mtu yeyote, maana nilikula naye chungu kimoja.

Sasa kosa langu la kwanza, lile ambalo hata leo naweza kulisamehe.

Mnajua jiwe la kusagia likisaga sana hulainika, likawa kama kiganja. Lazima lichongwe upya kwa kugongwagongwa ili uso wake ushike ulezi. Wanawake wa kwetu hulichonga kwa jiwe jingine, kazi ya kuumiza vidole. Mimi nilikuwa na tindo la chuma na nyundo nzuri, mali ya serikali. Mama mmoja akaniomba. Nikamchongea. Kesho yake wakaja wengine. Kila aliyekuja alikuja na kibuyu cha pombe ya ndizi na maneno matamu: huyu mtoto wa fulani amerudi na ufundi. Jamani, mimi niliyepita kijijini kama mgeni, leo naitwa kwa jina la mama yangu! Nilichonga mawe ya Heru nzima. Niliyachonga juu ya bamba la Bwana Mawe, kwa kuwa ndilo lililokaa imara, kisha nikalisafisha kama sheria inavyotaka.

Zakaria aliona. Siku moja akaniletea jiwe la marehemu mkewe.

Nilimtania. Nikamwuliza kama sasa ameamua kuwa mke, maana mwanamume na jiwe la kusagia wapi na wapi. Akacheka. Akasema, "Mugenzi, mwenzangu, nichongee tu. Yustina akija akute linasaga."

Mvua ilikuwa ikinyesha, nje matope. Juu ya bamba palikuwa na jiwe la kutoka magenge ya Kibondo, nusu limevunjwa, nimelifunika gunia. Jiwe hilo wapagazi walilitoa mahali pabaya, na mmoja wao alivunjika mkono kwa ajili yake. Nilisogeza gunia pembeni. Nikachonga jiwe la Zakaria pale pale, vipande vyake vikaruka huku na huku. Kisha nikapangusa kwa kiganja cha mkono. Sikuosha. Sikupiga brashi. Kibuyu kilikuwa kinaningoja.

Nikamalizia kulitwanga jiwe la Kibondo, nikaliosha, nikalifunga. Likaenda.

Miezi ikapita mingi. Bwana Mawe alikwenda akarudi, akaniahidi kwamba safari inayofuata, ya nyanda nyingine, nitakuwa mtu wake wa kudumu. Niliota barabara. Moyo wangu ulishaanza kusema twende.

Kisha majibu yakafika, naye akarudi Heru akiwa na uso ambao sikuujua.

Alituketisha sisi wawili bandani. Akaeleza polepole. Katika jiwe la Kibondo walikuta chembe za mviringo, zilizosuguliwa na mito, kongwe mno kama alivyotarajia. Lakini katikati yao palikuwa na chembe nyingine, zenye ncha kali, rangi ya asali, ambazo hazijasafiri hata kidogo. Na umri wake ulikuwa mdogo kuliko ule mwamba wa volkeno ulioufunika mchanga wote kwa juu.

"Hili ni kaburi," alisema. "Tumelifukua, tumekuta maiti ya mtu aliyezaliwa baada ya kaburi kufukiwa. Nani amemtia?"

Akasema kwamba chembe za namna hiyo zinajulikana kwenye miamba ya ng'ambo, nyanda za juu za Burundi, na huku kwetu hakuna. Alipokuwa akisema hivyo macho yake yalikuwa yakizunguka banda. Yakatua kwenye kona aliyokaa Zakaria mchana akila, ambako jiwe la mkewe liliwekwa juu ya kitambaa. Jiwe lile lilikuwa na rangi ya waridi iliyokolea kijivu, na lilimeta. Halikufanana na jiwe lolote la Heru.

Akalichukua. Akalitazama kwa kioo cha kukuzia. Akalitazama muda mrefu.

"La nani?"

Nilijibu mimi. "La Zakaria."

"Limefikaje hapa?"

"Alilileta mwenyewe."

Oneni! Kila neno lilikuwa kweli. Hata shetani asingepata pa kusahihisha.

Bwana Mawe akamgeukia Zakaria akamwuliza kama ni kweli. Zakaria akasema, "Ndiyo, mzee. Nililileta." Kisha akanitazama mimi. Alikuwa akinipa nafasi. Ni kama mtu anayekushikia mlango upite kwanza.

Sikupita. Nilichukua tindo nikaanza kujisafisha ukucha.

Mimi ndimi niliyelichonga. Mimi ndimi niliyepangusa kwa kiganja. Na wanawake wote wa Heru walijua nani anayechonga mawe bandani, ila hakuna aliyewauliza wanawake.

Bwana Mawe hakupiga kelele. Alisema tu kwamba aliyemsemea wilayani ni yeye, na anayeondoa neno lake ni yeye. Akatoka.

Zakaria akabaki amesimama. Nilimwuliza, kwa ukali, kama vile yeye ndiye mwenye kosa, kwa nini hakusema ni nani aliyechonga.

Akasema, "Neno langu na lako, Bwana Karani? Mimi ni mtu wa kuombea mahali pa kulala. Nilikungoja wewe." Akaongeza, "Mwambie. Hatakufukuza, wewe ni mtu wa hapa, unajua kazi. Mimi wakiniondoa, mtoto atanikuta wapi?"

Nikamwambia nitasema kesho. Kesho nikamwambia Bwana Mawe ana hasira, tungoje ipoe. Kesho kutwa nikaanza kupita njia ya nyuma ili nisikutane naye.

Sikuwa na hofu ya kufungwa, wala ya njaa. Niliogopa kukosa ile safari. Niliogopa pia kwamba wanawake wa Heru wangesikia kuwa mtoto wa fulani ameharibu kazi ya serikali kwa pombe ya ndizi. Kwa vitu viwili hivyo nilimtoa mtu.

Lori lilipokuja kuwachukua wakimbizi, watu walijaa kutazama, maana wakati huo sisi wenyewe tulikuwa tukihamishwa kupelekwa kwenye vijiji vipya, na kila lori lilikuwa na jambo. Zakaria alipanda na furushi lake. Aliniona katikati ya watu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Akija, mpokee."

Nikajibu kwamba nitampokea. Watu walikuwa wakinitazama. Nikaona nisionekane nimelegea kwa mkimbizi, nikaongeza utani.

"Nenda salama, Zakaria. Mtaalamu amekupima, umeonekana si wa tabaka hili."

Watu waliangua kicheko. Ulikuwa utani mzuri, mtu mwenye akili ya shule. Walirudiarudia kwa wiki nzima, na mimi nilikuwa nikiucheka kila nikiusikia. Zakaria hakucheka wala hakukasirika. Aligeuka akaangalia upande ambao lori lilikuwa linaelekea.

Jiwe lilibaki. Bwana Mawe aliliweka mlangoni mwa banda, chini, kila anayeingia alione, akumbuke sheria.

Kama ningeishia hapo, ningekuwa mtu mbaya wa kawaida. Sikuishia.

Bwana Mawe aliamua jiwe la Kibondo lichukuliwe upya. Yeye mwenyewe akakaa Heru kusimamia, hema lake hatua chache kutoka bandani. Nilikuwa nikitwanga kwa uangalifu kama anayetwanga dawa. Asubuhi moja, ukungu haujaondoka, nikasikia mtu anabisha hodi.

Alikuwa msichana mrefu, miguu imepasuka, kichwani amefunga kipande cha gunia kujikinga na mvua. Aliniamkia kwa heshima, akachanganya Kirundi na Kiswahili cha kuokota njiani. Akasema ametembea kutoka Kibondo. Akasema kule mpakani watu wamemwambia baba yake yuko Heru Juu, kwenye banda la mawe. Anaitwa Zakaria.

Kabla sijajibu, akatazama chini mlangoni.

Akapiga magoti. Akaweka kiganja juu ya jiwe, akakipitisha mbele na nyuma, kama mtu anayesaga. "Hili ni la mama," akasema.

Hemani, Bwana Mawe alikohoa. Alikuwa ameamka.

Sikilizeni hesabu niliyoipiga, maana niliipiga, sikupagawa. Huyu msichana akionana na Bwana Mawe atauliza kwa nini baba yake aliondolewa. Bwana Mawe atasema ni kwa ajili ya jiwe hili. Msichana ataliangalia jiwe, ataona limechongwa kwa chuma, kazi safi, na atauliza nani aliyelichonga. Hayo yote yangeweza kutokea kabla ya chai.

Nikamwambia, "Mawe ya kusagia yanafanana, binti."

Akasema la, hili lina kovu hapa pembeni, alilidondosha yeye alipokuwa mdogo, akapigwa. Akanionyesha kovu. Lilikuwapo.

"Baba yangu yuko wapi, mzee?"

Ilikuwa rahisi sana. Ningesema Tabora. Ningesema nenda wilayani Kasulu, waambie jina lake, watakupandisha lori. Maneno hayo ni machache kuliko yale niliyoyasema.

Nikasema, "Alirudi kwenu. Alichoka kukungoja, akavuka kurudi Burundi."

Uso wake sitauelezea. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema nilimsindikiza mimi mwenyewe mpaka njia panda. Naam, nilipamba! Nilimwekea na njia panda.

Akaomba basi apewe jiwe la mama yake. Nikamwambia ni mali ya serikali.

Alisimama, akanishukuru. Alinishukuru kwa mikono miwili, kama wanavyofanya kwao. Kisha akashika njia ile aliyojia, akarudi mpakani, kuelekea kule ambako watu wote walikuwa wanakukimbia. Nilimtazama mpaka ukungu ukamfunika. Bwana Mawe akatoka hemani akijifuta uso, akaniuliza nilikuwa naongea na nani. Nikasema ni mtu anayeomba kazi.

Jiwe la Kibondo la pili lilitoa majibu safi. Chembe zote za mviringo, zote kongwe. Bwana Mawe alifurahi kwa mara ya kwanza, akatuelezea kwamba mchanga wa magenge yale ulisombwa kutoka milima ya kale ya upande wa mashariki, ile nchi ya mawe makubwa kuelekea Tabora. Alinyoosha mkono kutuonyesha. Ni upande ule ule aliougeukia Zakaria juu ya lori.

Safari yangu niliipata. Nilitembea na Bwana Mawe nyanda nyingi, nikala mshahara wa serikali. Mimi niliyeipenda barabara sikuiona. Kila banda tulilojenga, nilikuwa natazama mlangoni kabla ya kuingia. Kila nilipoambiwa na mtaalamu kwamba chembe hii imetoka mahali fulani, niliinama nikajifanya naosha karai. Chembe isiyoonekana kwa macho ilikuwa inatafutiwa kwao kwa gharama na heshima zote, na mimi nilimpoteza mtoto wa mtu kwa sentensi mbili.

Mwisho niliacha kazi. Nikarudi Heru, nikalikuta jiwe limesahauliwa kwenye nyasi mahali lilipokuwa banda. Nikalitia kwenye mfuko wangu wa safari, nikaenda Tabora, nikayatafuta yale makazi.

Nilikuwa nimejiandaa kusema yote. Nilirudia maneno njia nzima kama mtoto anayekwenda kuripoti.

Zakaria nilimkuta kwenye shamba la tumbaku. Amezeeka kuliko miaka iliyopita. Aliniona, akatupa jembe, akanikumbatia. Jamani, alinikumbatia! Akawaita majirani, akawaambia huyu ni mwenzangu wa Heru, tulikula chungu kimoja. Akaniketisha kwenye kigoda chake, yeye akakaa chini.

Nikatoa jiwe. Alilipokea kwa mikono miwili.

Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Hakuja?"

Hapo ndipo ningesema. Majirani walikuwapo, ndiyo, lakini hiyo si sababu. Nilifungua mdomo.

"Hakuja," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akafanya jambo ambalo ndilo lililonileta mbele yenu leo. Alinirudishia jiwe.

"Basi hukupaswa kulileta huku," akasema. "Neno nililotuma linasema Heru. Rudi nalo, liweke mahali pale pale. Yustina ana kichwa kama cha mama yake, atakuja tu. Akiliona atalitambua, lina kovu."

Nikarudi nalo.

Sasa ninaishi kwenye kibanda nilichojenga pale lilipokuwa banda la mawe. Jiwe liko mlangoni. Wanawake wakipita hunitania, wananiuliza mwanamume na jiwe la kusagia wapi na wapi. Kila alfajiri moyo unaniambia twende, kama ulivyoniambia maisha yangu yote. Siendi. Mtu akivuka kutoka ng'ambo namwuliza. Wengine wanasema hawamjui. Mmoja alisema waliorudi wakati ule nisiwaulizie.

Wewe unayesoma, nakuonya. Usijidanganye kwamba hujasema uongo kwa kuwa kila neno lako linathibitika. Angalia ni neno gani umelibakiza mdomoni, na ni nani anayelingoja. Nusu niliyoibakiza siku ile ilinilazimisha uongo mzima mbele ya mtoto, na uongo huo ukanilazimisha mwingine mbele ya baba. Sijui unaofuata utakuwa upi. Na usiseme kesho. Mimi nilisema kesho.

Nyinyi mlioko kule makazini Tabora, gazeti likiwafikia, msomeeni Zakaria. Hajui kusoma. Mimi niliyesoma nilikaa kwenye kigoda chake nikashindwa kufungua kinywa.

Na kama kuna Yustina popote, mrefu, binti wa Zakaria: baba yako hakurudi Burundi. Yuko Tabora, yu hai, analima tumbaku. Usipite kwangu kwanza, nenda kwake. Jiwe la mama yako nitakuletea mwenyewe, huko huko mtakakokuwa. Nimelichonga upya. Linasaga.